Kipande ndicho kinachotoa kipimo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, napita kwenye karakana tatu za useremala huku Ngamiani, Tanga, na kiroba kitupu mkononi. Mafundi wamenizoea. Ninachofuata ni kile kinachobaki chini ya meza mlango ukishapata urefu wake: vichwa vya mbao, masalia ya miguu ya vitanda, ubavu wa fremu uliotoka na ufa. Lakini si mimi peke yangu ninayevifuata. Mama lishe wa pale kona naye anavitaka, maana kuni kavu ni kuni kavu, na sufuria ya maharage haisubiri mtu. Kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tunawahiana. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hivi wewe kuni zote hizi unapikia nini?"

Jumamosi iliyofuata nikampelekea kisanduku. Kilikuwa cha mninga, shubiri moja kasoro, chenye mfuniko wa kuingia. Akajifuta mikono kwenye khanga, akakipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakifunga. Mfuniko ulishuka polepole kwa sababu hewa ya ndani ilikuwa inatoka kidogo kidogo pembeni. Akakifungua tena ili ausikie ule mpumuo. "Hiki ndicho kilikuwa kiende jikoni kwangu?"

Tangu siku ile tuna mapatano. Yeye anachukua misindano, mwembe na mkaratusi. Mninga, mvule, mkongo na mtiki ananiwekea mimi kwenye ndoo, nami namrudishia maranda safi na vijiti visivyofaa. Siku hizi anazitambua mbao kwa uzito na kwa harufu, na mara mbili amenirekebisha mimi nilipokosea.

Nafundisha hesabu sekondari. Darasani vipimo vinajulikana kabla ya kazi kuanza: pembetatu inakuja na pande zake mbili, mwanafunzi anatafuta wa tatu. Nilipoanza kutengeneza visanduku, miaka saba iliyopita, nilifuata njia hiyohiyo. Nilichora kwanza, sentimita 20 kwa 12 kwa 8, halafu nikaenda kutafuta mbao za kuutosha mchoro. Sikuzipata. Kila kipande kilipungua kidole kimoja, au kilikuwa na fundo palepale nilipotaka kona. Nikawa nakata kizuri ili nipate kinachoenea, na kiroba cha kuni kinazidi kujaa.

Aliyenitoa huko ni mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye kuunda mashua huko Pangani. Alikuja kututembelea, akakuta meza yangu imejaa vipande vilivyokatwa vibaya, akakaa kimya mpaka chai ikaisha. Kisha akasema, "Sisi mataruma ya chombo hatuyapindi. Tunaingia msituni tunatafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe." Mataruma ndizo zile mbavu za ndani zinazoshika mbao za ubavu wa chombo. Fundi wa mashua anabeba umbo kichwani, anapita mti hadi mti mpaka aone tawi lenye mkunjo ule, na nyuzi za mti zinafuata mkunjo toka mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana taruma halikatiki. Ukichukua mti ulionyooka ukauchonga upinde, utakuwa umezikata nyuzi njiani, na bahari itakuonyesha ulipozikatia.

Siku hiyo nikauchana mchoro wangu. Sasa naweka kipande mezani, nakitazama, napima kinachofaa baada ya ufa na fundo na tundu la msumari, na hicho kinachobaki ndicho kinachoamua kisanduku kitakuwa na urefu gani, kimo gani, na hata kitatunza nini. Kipande kirefu chembamba kinakuwa cha kalamu au cha ubani. Kifupi kinene napasua katikati kinakuwa cha hereni. Sina visanduku viwili vyenye vipimo sawa, na mtu akiniagiza "kama kile cha fulani" namwambia ukweli kwamba hakitapatikana.

Nyumba niliyokulia ilikuwa na kibweta. Nalipenda sana neno hili na naona linapotea, vijana wanasema "boksi" kwa kila kitu. Bweta ni neno tulilopewa na Wareno, kama kasha, kama meza. Chini ya kitanda cha bibi kulikuwa na kasha, lile sanduku kubwa la pwani la mbao ya msaji, yaani mtiki, lenye misumari ya shaba iliyopangwa kama maua. Makasha kama yale yalikuja na majahazi kutoka Surat, Bombay na nchi za Ghuba, na mengine yakatengenezwa hukuhuku, Unguja na Lamu. Ukifungua, upande mmoja wa ndani kuna kijisanduku kilichojengewa humohumo, chenye mfuniko wake. Ndani ya kasha ndimo alimotia kibweta, na ndani ya kibweta mlikuwa na pete, picha mbili, barua moja na sarafu zisizotumika tena. Kama watoto tulikuwa tunaruhusiwa kukishika siku ya Idi tu.

Bibi alipofariki kibweta kikaja kwangu. Nikakigeuza chini juu kwa mara ya kwanza maishani, nikaona herufi nyeusi zilizofifia. Chini yake ilikuwa plaiwudi ya kreti ya chai, yale makreti yaliyokuwa yanashuka na chai kutoka Usambara. Pande zake nne zilikuwa za mbao tatu tofauti: mbili mkongo, moja mvule, na moja mpaka leo sijaitambua. Yule fundi, ambaye jina lake hakuna aliyelijua nyumbani, alikusanya alichokuwa nacho akakifanya kitu cha kuwekea pete ya ndoa. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha kutengeneza visanduku kwa miaka miwili nikidhani nimebuni jambo.

Watu wananiuliza mbao ipi ni nzuri. Nitasema ninavyoziona mimi mkononi. Mninga ndio ninaoupenda kuliko zote. Ni mti wa misitu ya miombo, kule Tabora, Katavi na Ruvuma. Ukiukata ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ikishakauka hutulia sana, haipanuki wala kusinyaa sana kama zingine. Mkongo, ambao wenzetu wa Mombasa na Lamu wanauita mbambakofi, ni mzito na mgumu, unafaa pale unapotaka kona isichoke. Mtiki huku kwetu unatoka shamba la serikali la Longuza, Muheza. Una mafuta ya asili, kwa hiyo gundi hushika vibaya usipofuta sehemu ya kuungia kwa spiriti dakika chache kabla. Kutoka Usambara Magharibi nikipata kipande cha mtarakwa au mkulo sikifanyi sanduku zima, nakipasua vipande vyembamba vya kutandika ndani. Mtarakwa una harufu inayofukuza nondo kwenye nguo, na mkulo unanukia kafuri. Ukifungua kisanduku cha hivyo baada ya mwaka, harufu inakupokea kabla hujaona kilichomo.

Mpingo nauzungumzia peke yake. Binamu yangu anayekaa Dar es Salaam huniletea mfuko mdogo kutoka kwa wachonga vinyago wa Mwenge, vipande vya kidole, vya nusu kidole. Kipande cha mpingo ukikitupa kwenye maji kinazama. Mti wake unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na sehemu kubwa ya gogo inapotea kwenye kukata, hasa kwa wale wanaotafuta vipande visivyo na ufa vya kutengenezea klarineti na zumari za Ulaya. Wilayani Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao ya asili, na mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo chini ya wanakijiji. Nikifikiri mzee wa kijiji anaulinda mti ambao utavunwa na wajukuu wake, siwezi kuona kipande cha kidole kinafagiliwa kwenye takataka. Natumia mpingo kwa vigingi vya kuzibia matundu, kwa vishikio vya mifuniko, na kwa vile vijilimi vyembamba vinavyopita kwenye kona kuziimarisha. Kisanduku kimoja kinahitaji mpingo usiozidi uzito wa kijiko.

Nitaeleza kisanduku kimoja toka mwanzo, maana hapo ndipo mambo yanapoonekana.

Kuna nyumba ya zamani ilivunjwa kwenye mojawapo ya barabara zetu za namba. Mwenye nyumba alinipa dirisha moja, bawa la mvule lenye rangi ya kijani iliyochubuka. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo sizipigi msasa mkavu hata siku moja. Nalowesha, nakwangua nje ya nyumba nikiwa nimefunga pua, watoto wakiwa mbali, nakusanya vikwangu vyote kwenye gazeti. Maranda yenye rangi hayaendi kwa mama lishe, wala hayaendi kwenye banda la kuku. Hilo nimeapa.

Baada ya rangi, misumari. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Naipitisha polepole juu ya mbao nikiishika kwa vidole viwili tu, na inapovutwa chini nachora duara kwa penseli. Bawa lile lilikuwa na misumari tisa, mitano imekatikia ndani. Iliyokatika naichimba kwa patasi nyembamba mpaka koleo lipate pa kushika. Kuzunguka kila tundu palikuwa na pete nyeusi, ya chuma kilichokutana na unyevu na maji ya mti miaka yote ile. Mafundi wengi huziba kwa gundi na unga wa mbao, au hukata sehemu hiyo yote. Mimi naiacha. Tundu moja niliweka makusudi mbele, chini kidogo ya mfuniko, nikalipigilia kigingi cha mpingo cha milimita 4. Kila anayekishika kisanduku kile hupitisha kidole gumba hapo.

Nilipoanza kupiga randa, randa ikalia vibaya, na jino likatoka na pengo. Huo ndio mvule. Ndani yake hujificha vijiwe vyeupe, chokaa hasa, ambayo mti wenyewe huijenga pale ulipoumia. Huwezi kuviona kwa nje. Nikarudi kwenye jiwe la kunolea kwa nusu saa, kisha nikaizunguka sehemu ile kwa patasi ya zamani ambayo siionei uchungu. Vumbi la mvule nalo linawasha pua na macho, watu wengine linawatoa vipele, kwa hiyo kitambaa cha pua si cha rangi peke yake.

Kilichobaki safi kilikuwa ubao wa sentimita 41 kwa 9, unene wa kidole kikubwa. Hapo kisanduku kikajitaja. Niliubana kwenye jiriwa nikaupasua katikati ya unene wake kwa msumeno wa mkono, kazi ya saa mbili na kahawa moja. Zikatoka mbao mbili nyembamba ambazo ndani yake, ukizifungua, zinafanana mchoro kwa mchoro, kama samaki anavyotandazwa mbavu mbili kwa ajili ya kukaushwa. Kufanana huko kuna faida kubwa. Ukichukua ubao mmoja ukaukata pande nne mfululizo, michirizi ya mbao itazunguka kisanduku na kukutana kwenye kona tatu, lakini kona ya nne itakataa, maana hapo ndipo mwanzo na mwisho wa ubao vinapokutana. Ukitumia mbao mbili zilizopasuliwa hivi na kuzipanga ndani nje, kona zote nne zinakutana. Macho ya mtu hayajui kwa nini yametulia yanapokitazama, lakini yanatulia.

Kona nazikata digrii 45. Hapa hesabu inanisaidia kweli. Kona nne zina mikato minane, na ukikosea nusu digrii tu kwa kila mkato, kosa linajumlika kuwa digrii 4, na lote linakuja kukaa kwenye kona ya mwisho, uwazi unaoweza kupitisha ukucha. Msumeno peke yake hauwezi usahihi huo. Nina ubao niliotengeneza mwenyewe, wenye kizuizi cha digrii 45, naegemeza kipande juu yake na kusukuma randa iliyolazwa ubavu, nyoya moja moja la maranda, mpaka kona ifunge. Mashine siitumii kwa vipande hivi. Karakana ninazopita zina randa za umeme na misumeno ya meza, na mafundi wananikaribisha, lakini kipande kifupi kwenye mashine kinaweza kurushwa au kuvuta vidole. Nimeona mkono wa mtu baada ya ajali hiyo, na sitaki kuandika zaidi.

Kwenye kuunga napaka gundi mara mbili, kwa sababu kichwa cha mbao hunywa gundi ya kwanza kama udongo unavyokunywa maji. Badala ya vibano nazungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikivuta kila mzunguko. Mpira unabana pande zote kwa nguvu sawa, na unajisahihisha kona zinapoteleza. Naacha usiku kucha. Asubuhi nikiufungua ukanda ule moyo wangu bado hudunda, baada ya miaka yote hii.

Bawaba ndogo za shaba ni shida kupatikana Tanga, na za bati zinashika kutu baada ya masika moja. Kwa hiyo mfuniko wa kisanduku kile unazunguka kwenye vipande viwili vya spoki ya baiskeli, unene wa milimita 2, vilivyopita kwenye matundu ubavuni. Ukikifunga havionekani.

Sasa nieleze jambo lililoniumiza, kwa sababu nadhani ndilo litakalomsaidia anayeanza.

Mdogo wangu wa kike alipata kazi Dodoma. Alipoolewa nilimtengenezea kisanduku cha kuwekea vito, kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimefanya hadi siku hiyo. Mfuniko ulikuwa ubao mmoja mpana wa mwembe wenye mawimbi, sentimita 14, uliotoka kwenye meza ya zamani. Niliupenda kiasi kwamba niliugundisha kwa nguvu kwenye fremu yake, pande zote nne, ili usicheze. Nilikuwa nimesikia, na niliamini, kwamba mbao ya zamani haichezi tena, imekwisha kukauka miaka mingi. Harusi ilikuwa Aprili, mvua zinanyesha. Mwezi wa nane akanipigia simu usiku. "Kaka, samahani. Kile kisanduku kimelia ghafla chumbani, tukashtuka. Kuangalia, kimepasuka juu." Alikuwa anaomba msamaha yeye, wakati kosa ni langu. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nilikwenda Dodoma nikapima. Ufa ulipita toka ukingo hadi ukingo, na mahali ulipopanuka ulikuwa na karibu milimita 2. Tanga hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ya mwaka haifiki milimita 600 na yote inakuja ndani ya miezi michache, halafu miezi inayofuata ni upepo mkavu na vumbi. Mbao inanywa unyevu wa hewa na kuutoa, hata ikiwa na miaka mia. Kinachokwisha kwa uzee ni maji ya mti na ile hamu ya kujipinda, lakini kupumua hakukwishi. Kwa urefu haisogei kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana inasogea, na ukiibana pande zote itatafuta pa kupasukia. Ubao wangu ulisinyaa kwa upana, fremu haikusinyaa nao, na gundi yangu nzuri haikuuachia.

Niliufanya mfuniko upya. Safari hii nilichimba mfereji kuzunguka fremu, ubao ukakaa ndani ya mfereji bila tone la gundi, na milimita 2 za nafasi kila upande. Nyuma nikaweka kijiti kimoja katikati tu, ili usinyae sawa kushoto na kulia. Ule ufa sikuutupa. Niliunganisha zile nusu mbili kwa vipepeo vitatu vya mpingo, wapana kwenye ncha na wembamba katikati, wakashika pande zote mbili. Mdogo wangu anasema anaupenda kuliko ulivyokuwa. Sijui kama anasema hivyo kwa kunihurumia, lakini kisanduku kimepita viangazi vinne sasa na hakijalia tena.

Toka hapo kila chini na kila mfuniko wangu hukaa huru. Na kila kipande kinachoingia chumbani kwangu kinakaa kwanza. Naandika tarehe na upana kwa penseli, nakiweka rafuni kikitenganishwa na wenzake kwa vijiti, napima tena baada ya miezi.

Kuna mbao ambazo hazivuki kizingiti. Neno lilelile la mataruma tunalitumia kwa magogo yaliyolala chini ya reli, na yale ya mbao ya zamani yameloweshwa kreosoti, kimiminika cheusi kinachotokana na lami ya makaa ya mawe. Inakaa humo kwa miongo na inatoka tena ukipiga msasa. Nguzo za umeme zenye ukijani huwa zimetibiwa kwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Hizo si za kisanduku wala za kuni, moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu, na nimemwambia mama lishe hivyo zaidi ya mara moja. Paleti za bandarini nachukua, ila nasoma muhuri kwanza. Ukiona alama ya shuke na herufi HT, zimepashwa joto la nyuzi 56 mpaka kiini kwa dakika 30, hazina dawa. Ukiona MB, zilifukizwa gesi ya methili bromaidi. Hizo naziacha. Na hata yenye HT, ikiwa na doa nisilolijua, naiacha pia.

Mbao za vyombo vya baharini ni jambo la moyo. Ubao wa mashua iliyokufa una chumvi ndani, una pamba ya kalafati, ile ya kuzibia maji, kwenye viungo, na ule wa chini una deheni, yale mafuta mazito ya kupaka chombo, iliyokauka kama ngozi. Ukiukata unanukia papa hata baada ya miaka kumi. Watalii wanazipenda, na kwa sababu wanazipenda, nimeona mbao mpya zikipigwa minyororo, zikichomwa kwa gesi na kupakwa chai ya rangi ili ziuzwe kama za jahazi. Linanikera sana. Mbao mpya ni nzuri kwa upya wake, haina haja ya kudanganyiwa umri. Na ile ya jahazi kweli ilibebwa na watu, ikazibwa na watu, wengine wakafa nayo. Kuiga makovu yale kwa mnyororo ni kuwakosea heshima.

Kumalizia sipaki vanishi. Vanishi inaweka kioo kati ya mkono na mbao. Natumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yapakwe mepesi, yafutwe, yasubiriwe siku mbili, yarudiwe mara tatu. Juu yake nta ya nyuki ninayoipata Handeni, nikiiyeyusha juu ya maji ya moto na tapentaini kidogo mbali na jiko. Mafuta ya nazi yanapatikana kila nyumba huku na watu wananishauri niyatumie, lakini hayakauki, na baada ya muda yanachacha. Ukitumia ya kitani, vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa pembeni. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje mpaka vikakamae.

Juzi mama lishe alinisubiri mlangoni kwa karakana ya kwanza. Mkononi alikuwa na kipande cha mkongo, chekundu, chenye ukingo mmoja mweusi. "Hiki kilishaingia jikoni," akasema, "nikakitoa." Anataka kisanduku cha kuwekea fedha za kikoba chao, yeye ndiye mweka hazina. Tulikiweka kwenye meza ya fundi tukakipima wote wawili. Ukiacha sehemu iliyoungua na ufa wa upande wa pili, nafasi ya ndani itakuwa sentimita 11. Nikamwambia noti hazitaenea zikiwa zimenyooka, na kwamba nina mninga mrefu zaidi nyumbani, ningeweza kumtengenezea kikubwa.

Akakirudisha kipande mkononi mwangu. "Hiki hiki, Mwalimu. Noti tutazikunja."